Sahihi Kabla ya Kikao

Jumatatu, 3 Juni

Kikao tena. Baridi ya asubuhi imenishika goti, lile lile lililonitoa uwanjani. Nimefika wa kwanza, nimetia sahihi, nimekaa. Katibu wa komini ananiita Kapiteni, kama mji mzima. Sisi Batwa ni kabila dogo linalodharauliwa hapa; mimi ni Mutwa wa kwanza kuvaa jezi ya timu ya Kamina. Mutwa wa kwanza kuwa konseye, diwani wa komini. Mgeni akija, mimi ndiye ninayesukumwa mbele kwenye picha, halafu narudi kiti cha nyuma. Leo wamesoma Kifaransa mbio mbio, mambo ya soko jipya. Sikuuliza. Saa sita tulikuwa nje.

Jumatano, 5 Juni

Yaya Kisimba amekuja kwa miguu kutoka kambini kwetu Batwa, nyuma ya reli. Dada yangu mkubwa huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Hajawahi kukanyaga darasa. Leo hakutaka hata kukaa. Amesema watu wa komini wamepita na rangi nyekundu, wameweka alama kwenye kila mlango wa Batwa. Siku kumi, halafu trakta ya kubomoa.

"Weye njo iko kule ndani. Ubaulize."

Nimekwenda kuwauliza. Katibu hakuhangaika. Alifungua faili, akanionyesha nakala: baraza limekubali, uwanja wa kambi umetolewa kwa soko. Majina tisa, langu la kwanza. Mwandiko wangu mwenyewe, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaojivunia.

Karatasi ya Jumatatu. Nilidhani ni ya mahudhurio.

Miaka kumi na moja nilikuwa kapiteni. Kapiteni anaitwa mezani, anatia sahihi kwenye karatasi ya mechi, ndipo mpira unaanza. Husomi. Refa anakuonyesha kwa kidole, unaandika, unakimbia kupasha misuli. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya Jumatatu. Mjinga. Mjinga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwona mkuu wa komini. Alinipa kiti, hata soda. Nikamwambia nilitia sahihi bila kusoma.

"Kapiteni, unajua kusoma ao haujue?" Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza hali.

Nikisema najua, nimewauza ndugu zangu. Nikisema sijui, nimewapa kile wanachokisema siku zote juu ya Mutwa. Nikainywa ile soda mpaka chini. Najichukia kwa ile soda.

Ijumaa, 7 Juni

Kwenye ligi, kapiteni akiona hila anaandika malalamiko chini ya karatasi ya mechi kabla haijaondoka, na ligi lazima iyasome. Nikaomba karatasi yenyewe niandike chini ya jina langu. Katibu akasema ilishakwenda kwa gavana tangu Jumatatu. "Huku haiko mupira, Kapiteni." Nikaandika barua. Ameipokea bila muhuri, akaweka chupa ya chai juu yake. Nimetoka na nakala tu ya ile karatasi ya majina.

Mwenzangu wa barazani, mwalimu mstaafu, Mmethodisti, mtu ninayemheshimu, alinifuata nje. Akasema kura zilitosha hata bila mimi. Ila walisubiri sahihi yangu, ili kesho mtu asiseme Batwa hawakuulizwa. Alijua yote hayo, akanyamaza. Eti alifikiri nimekubali.

Kumbe ndiyo kazi niliyochaguliwa kuifanya. 

Jumamosi, 8 Juni

Sikutoka. Nimefikiria kusema sahihi imeghushiwa. Nimejaribu kuisema mbele ya kioo. Imetoka vizuri sana. Nimeogopa.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani pasta ameniombea kwa jina, mbele ya watu wote. Mungu amtumie huyu kwa ajili ya watu wake. Amina ilikuwa kubwa. Nimetoka kabla ya sadaka, nimesingizia goti.

Yaya ametuma mtu kuuliza nimefika wapi. Nimesema nitakuja kesho. Sina kitu cha kupeleka. Sina mtu wa kumwendea tena. Nimewahi kupoteza mechi nikalia, lakini ilikuwa mechi.

Jumatatu, 10 Juni

Kuna kikao. Sikuenda.

Nimevuka reli mpaka kambini. Watu wameshaanza kufungua mabati ya nyumba zao. Walikaa kunisikiliza, nami nikasimama, nikasoma karatasi yote, Kifaransa kisha Kiluba, mpaka kwenye majina. Nimesoma na langu. Nimeeleza jinsi nilivyotia sahihi. Sikujitetea. Mmoja mmoja waliinuka wakarudi kwenye mabati yao.

Yaya alibaki. Akataka nimwonyeshe jina langu ni wapi hasa. Nikaweka kidole.

"Njo jina ya baba hii?"

Nikamwambia ndiyo, ndilo ninalotilia sahihi. Aliiangalia muda mrefu, karatasi akaishika kwa mikono miwili. Jina la baba hakuwahi kuonyeshwa likiwa limeandikwa.

"Uliandika muzuri," akasema.

Kisha akanirudishia, akaniomba nishike upande wa pili wa turubai lake. Tukalikunja.