Kwa Nini Mama Fiston Amekonda

Lubarika, tarehe 6 Mei 2024

Dada yangu Félicité,

Pokea salamu za kwetu. Sisi tuko. Mvua imezidi lakini mpunga umesimama. Natumaini wewe, shemeji Léopold na watoto hamjambo. Mimi niko mzima, ila kichwa kinanigonga kila asubuhi, na hilo ni la uzee tu.

Nakuandikia kwa sababu kupata mtandao hapa lazima upande kilima cha kanisa, na pale juu kila mtu anakaa akisikiliza habari za mwenzake. Barua hii ataileta Pitchou, dereva wa basi la Sange.

Marie-Rose, yule anayeuza muhogo wetu huko Uvira, alirudi juma lililopita. Hakusalimia, alikaa kwanza. Kisha akaniambia: "Donatien, dada yako amekwisha." Anasema alikuona alfajiri kwenye barabara kubwa, umevaa suruali, unakimbia. Mashavu hayapo. Shingo imetoka. Alikuita, ukampungia mkono ukaendelea kukimbia. Nilimuuliza ulikuwa unamkimbia nani. Hakujua.

Wewe ulikuwa mnene tangu usichana, na tulipokuoza kwa Léopold ulikuwa mnene. Sasa watu hapa wanasema mambo mawili. Wengine wanasema umelishwa karuho, sumu ya kichinichini, kama ile iliyomwangusha mama shambani. Wengine wanasema bwana wako hakulishi. La kwanza lina dawa yake ya kutapisha, na nimeshaongea na mzee mmoja anayeijua. La pili lina njia yake. Mimi ndiye niliyepokea ng'ombe wa mahari yako. Nikinyamaza, watasema tuliuza mtu tukamsahau.

Nitakuja Jumamosi tarehe 18 pamoja na baba mdogo Anastase. Mwambie Léopold asitoke. Tutamuuliza mbele yako.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Donatien


Uvira, Rugenge, tarehe 10 Mei 2024

Yaya Donatien,

Nakusalimu sana, kaka yangu mkubwa, na ukoo wote wa Lubarika. Barua yako Pitchou aliileta jana mpaka kwenye kibanda changu cha vitenge. Inanuka samaki lakini inasomeka. Sisi tuko wazima. Ziwa limepanda, limewatoa nyumbani watu wengi wa chini. Kwetu halijafika.

Hakuna aliyenilisha sumu, na Léopold ananilisha. Mambo yako hivi.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nakata kitenge cha mteja, macho yakaona giza. Walinipeleka kituo cha afya. Tansio, yaani nguvu ya damu, ilikuwa 19 kwa 11. Muuguzi anaitwa Noella, mwanamke wa umri wangu. Hakuanza na dawa. Aliniuliza nalala namna gani. Nikamwambia silali. Tangu Fiston, mtoto wa mwisho, aende kusoma Bukavu, nyumba ilikuwa kimya na mimi nilikuwa naamka na joto mwilini, nagombana kichwani na watu waliokwisha kulala kwao. Mengine ni ya wanawake wa umri huu, sitayaandika kwa kaka yangu.

Noella alinipa dawa ya kila siku, akanipunguzia chumvi na mawese, kisha akasema: "Mama Fiston, unakaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka jioni. Utembee." Yeye mwenyewe ana kundi la wamama wanaotembea alfajiri. Nikaingia. Tulikuwa tunapita mchangani kando ya ziwa, mahali ambapo hatuonwi na mtu ila wavuvi, nao wana mawazo yao. Mwezi wa nne ziwa likauchukua mchanga wote. Tukahamia barabara kubwa, na huko ndiko Marie-Rose alikoniona. Suruali ni kwa sababu kitenge kinafunguka ukikaza mwendo. Sikusimama kumsalimu kwa sababu ukisimama katikati ya mpando miguu inakataa kuanza tena. Nitamwomba samahani.

Tukimaliza tunakaa ukingoni mwa mto Kalimabenge, kila mmoja anasema kinachomlemea. Ni marufuku kumkatiza kwa shauri au kwa mstari wa Biblia mpaka amalize. Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa mke wa mchungaji. Pale ndipo usingizi wangu uliporudi.

Kwa hiyo sijaisha, Yaya. Nanyanyua robota la vitenge mwenyewe, jambo ambalo sikuliweza nikiwa na miaka arobaini.

Anayeumia ni Léopold. Shuleni kwake walimu wenzake wanamuuliza: "Mwalimu, mshahara unakula peke yako?" Mkija wawili kumhukumu, majirani wakasikia, mtamvunja bure. Njoo peke yako.

Na uje kwa sababu nyingine. Mama alikuwa na miaka hamsini na minne alipoanguka. Mdomo ulienda upande mmoja, mkono ukafa. Nilimweleza Noella vyote. Anasema hiyo si karuho, hiyo ni tansio, na inafuata damu ya ukoo. Mimi nina hamsini na miwili. Wewe una hamsini na saba na kichwa kinakugonga kila asubuhi. Usiite hilo uzee kabla Noella hajakufunga mashine mkononi.

Ni mimi dada yako,
Félicité


Lubarika, tarehe 22 Mei 2024

Dada Félicité,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Tulirudi salama, na baba mdogo, ambaye alikataa kuachwa nije peke yangu, alilala njia yote begani kwa mtu asiyemjua.

Kuna sehemu ya Jumamosi ambayo hukuiona, na ni haki ya shemeji nikuandikie. Tulipofika wewe ulikuwa bado barabarani. Tulimkuta Léopold jikoni. Baba mdogo akaninong'oneza: "Ona. Mwanaume iko anapika. Mambo ni mabaya kuliko tulivyosikia." Léopold alitukaribisha, akatutengea mikebuka, samaki wa ziwani, ya kuchemsha, na sombe, majani ya muhogo, isiyo na mawese. Baba mdogo akaonja, akarudisha tonge kwenye sahani. "Sasa nimefahamu kwa nini amekonda. Ata minye ningekonda."

Nikauliza swali letu jinsi desturi inavyotaka, kwamba tulimpa mtu mnene, mbona tunasikia habari nyingine. Alisimama. Hakupandisha sauti. Alisema: "Bashemeji, ngombe nilitoa juu ya muntu. Sikutoa juu ya kilo zake. Mama yenu mulimuzika angali munene. Huyu nataka tuzeeke naye." Kisha akakaa. Baba mdogo akavuta sahani karibu, akaendelea kula.

Halafu tukasikia wimbo wenu njiani. Ulipoingia uani nilidhani ni binti yako Divine. Nilikuwa nimekuja kuaibika kwa ajili yako, na badala yake nilijikuta namwambia jirani yenu, mtu ambaye sikumwomba aje pale ukutani, kwamba yule wa mbele ni dada yangu.

Sasa kuhusu mashine. Baba mdogo ana miaka sabini na mashine ilimsifu, na tangu turudi anawaonyesha watu mkono ule kama medali. Mimi ilisema 21 kwa 12, Noella akarudia, ikasema vilevile. Niliondoka bila kunywa chai kwa sababu nilikasirika. Unajua mimi ni président, yaani mwenyekiti, wa komite ya mfereji mwaka wa saba. Ni mimi ninayesema maji yaende shamba la nani. Mwezi wa saba watu watachagua tena, na Lionel anazunguka nyumba kwa nyumba akitafuta kiti changu. Wakijua nina ugonjwa, kiti kimekwenda. Na mtu anayekunywa dawa kila siku ni mgonjwa kila siku, hata akiwa mzima. Nitaendelea na majani yangu ya kuchemsha. Usimwambie mtu.

Kaka yako,
Donatien


Uvira, Rugenge, tarehe 2 Juni 2024

Yaya Donatien,

Salamu kutoka Rugenge. Tunaendelea vizuri, natumaini mpunga nao unaendelea. Sehemu ya Léopold nilimsomea mara mbili. Mara ya tatu alidai hakusikia vizuri, nikamsomea tena.

Pitchou atakupa mfuko wa kitenge. Wanaokuona watadhani ni kitambaa. Ndani kuna vidonge ambavyo Noella amekuandikia baada ya kukupima. Kimoja kila asubuhi, baada ya uji. Umeze hata siku ambayo kichwa kimetulia. Kikitulia, ni kidonge kinafanya kazi, si wewe umepona. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea, nami nilikosea hapo mwezi wa pili.

Jambo lingine. Siku ile ulikula umesimama. Divine ndiye aliyeniambia, kisha nikakumbuka kwamba hata Pasaka ya mwaka jana ulikula umesimama. Mkeo Mapendo alikufa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo unakula kama mtu anayengoja gari. Mimi nina wamama kumi na sita ukingoni mwa mto. Wewe una nani? Sisemi utafute kundi. Tafuta mwanaume mmoja.

Kuhusu kiti cha mfereji sina la kusema, wewe unawajua watu wako. Nasema hili tu. Mama tulimzika tukamlaumu jirani aliyempa pombe siku ile, na watoto wa yule jirani mpaka leo hawatusalimii. Hatukujua. Wewe nikikuzika, nitakuwa najua.

Dada yako,
Félicité


Uvira, tarehe 7 Julai 2024

Yaya,

Natumaini uko mzima. Sisi tuko.

Mwezi umepita bila jibu. Pitchou ameapa kwamba mfuko aliuweka mikononi mwako. Marie-Rose anasema anakuona shambani, unafanya kazi, huongei. Kama umenikasirikia, kasirika. Nimemuuliza Noella kama dawa inakataa ndani ya mtu aliyekasirika. Amesema inafanya kazi vilevile.

Félicité, dada yako


Lubarika, tarehe 2 Agosti 2024

Dada yangu Félicité,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji mpishi, na kwa wamama wa mtoni. Mimi naendelea vizuri, na safari hii naweza kukuonyesha namba.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kujivunia. Vidonge nilimeza. Juma la pili kichwa kikatulia, nikajiambia nimepona, nikavisukuma juu ya dari. Ulikuwa umeniandikia wazi nisifanye hivyo. Katikati ya mwezi wa saba nilikuwa peke yangu kwenye mlango wa mfereji, maji yalikuwa mengi, nikataka kumwita mtu wa shamba la chini. Mdomo ukatoa kitu kingine. Jembe likaniponyoka na mkono haukulifuata. Nikakaa kwenye tope. Muda ulikuwa kama wa kuchemsha maji ya ugali, kisha mkono ukarudi, na jina la yule mtu nikaweza kulitamka. Nililitamka mara nyingi, peke yangu pale, kuhakikisha.

Nilijiendea kwa miguu kituo cha afya cha hapa kwetu, mchana, kupitia katikati ya soko. Muuguzi alinisikiliza akasema: "Baba, hiyo ilikuwa hodi. Ingine haitapiga hodi." Siku hiyohiyo nilipanda kushusha vidonge darini.

Na mwanaume mmoja nimempata. Ni katekista wetu, naye alifiwa na mke. Jioni tunatembea ukingoni mwa mfereji mpaka daraja la miti na kurudi. Hatusemi mengi. Juzi nilimwambia kwamba mpaka leo natoa sahani mbili. Akasema yeye vikombe. Tukaendelea kutembea.

Sasa uchaguzi. Ulifanyika Jumapili baada ya Misa, uani kwenye ghala la mpunga. Lionel alisimama wa kwanza. "Baba Donatien tunamuheshimu. Lakini watu wamemuona anaingia kwa muuguzi. Mufereji unataka muntu muzima." Uwanja wote ukanigeukia. Nyumbani nilikuwa nimetayarisha maneno ya kukana, na yalikuwa maneno mazuri. Nilipofungua mdomo nikakumbuka jinsi ulivyokataa kule mferejini, nikaona ni vibaya kuupa uongo wakati sasa unatii.

Nikasema: "Ni kweli. Tansio yangu ilikuwa 21 kwa 12. Leo iko 15 kwa 9. Namba zangu nazijua. Weye Lionel, zako iko ngapi?"

Akacheka. Alicheka peke yake.

"Minye niko muzima, baba."

"Mama yangu alisema vile asubuhi ile. Alikuwa na miaka hamsini na mine. Musitafute tena sumu kwa jirani, sumu haikuwako." Nilipotamka hayo, mtoto mkubwa wa yule jirani alikuwa ameegemea nguzo ya ghala. Alivua kofia.

Wakapiga kura. Lionel alishinda, si kwa wengi. Nilimpa mkono, nikampa ufunguo wa mlango wa mfereji, nikamwonyesha bawaba inayokwama. Nilirudi nyumbani kwa njia kubwa, nikisalimia watu kichwa kikiwa juu. Usiku nililala. Sikujua kwamba mtu anaweza kushindwa akalala.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kupimwa. Kwa kawaida kwenye benchi unakuta wamama na watoto wachanga tu. Safari hii foleni ya wanaume ilikuwa imefika kwenye uzio. Wazee wa komite ya mfereji walikuwapo, na wawili ninaojua hawakunipigia kura. Baba mdogo Anastase naye alikuja, ingawa hakuitwa, akiwaeleza watu jinsi ya kukunja mkono. Muuguzi alitoka mlangoni, akatutazama, akaingia kuomba kiti kingine.

Zamu yangu ilipokaribia niligeuka. Nyuma yangu alikuwa Lionel. Mkono wa shati alikuwa ameshaukunja. Niliondoka kwenye nafasi yangu nikamwambia:

"Pita mbele, président."

Ni mimi kaka yako,
Donatien