Stima ya Mong'ina

Nyakoe, Jumapili

Mpendwa Baba Mong'ina,

Unisamehe nimekaa sana bila kukuandikia. Kwa simu nashindwa kusema haya, mama yako huwa ameketi karibu. Ndizi zimezaa vizuri.

Yule fundi uliyemtuma alikuja. Alifungua swichi zote, akasema, "Mama, stima yenu haina shida. Nani alisema inapotea?"

Binti yako alipokuambia, "Baba, stima inapotea," wewe ulifikiria balbu. Alikuwa anakueleza kichwa chake. Anatoa macho, kijiko kinaanguka, nikimwita hasikii. Akizinduka ananiambia, "Mama, stima imerudi."

Nilimpeleka hospitali Kisii. Daktari alisema ni kifafa, kile cha kimyakimya, na ameze dawa kila siku. Alisema hata ubongo una stima yake. Mtoto akacheka: "Si nilikuambia, Mama?"

Lakini mama yako alitupa dawa chooni, eti maombi yanatosha. Maombi tutaomba, Baba Mong'ina, na dawa atameza. Jana stima ilimpotea akiwa kando ya moto. Nilimdaka kwa nguo.

Balbu usitume tena. Tuma dawa ya miezi miwili, jina lake liko kwenye karatasi niliyofunga humu. Tuma kisanduku chenye kufuli. Na umpigie mama yako, asikie kwa sauti yako mwenyewe kwamba dawa ya mtoto haiguswi.

Ni mimi, Phanice, mama wa huyo wa stima.