Mguu wa Kushoto wa Komeo

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha cherehani.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko mbali? Wifi wa huko na watoto hawajambo? Lile goti lako limeshaizoea baridi, au bado unapanda ngazi kwa kushikilia ukuta? Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, maana ukiisoma kabla ya kula, hutakula.

Sisi hatujambo. Hivyo ndivyo tunavyowajibu majirani, na wewe si jirani, kwa hiyo nitasema kweli: mdogo wetu Komeo amekwisha, na mimi sijui la kufanya.

Matokeo najua uliyapata kwenye simu. Timu imeshuka daraja, kocha amefukuzwa. Lakini simu haikukwambia mpira wenyewe ulivyokuwa, na hapa kila mtu anausimulia anavyotaka. Mimi nilikuwa jukwaani na Mama na wifi yangu, mke wa Komeo, karibu kabisa na benchi. Niliona.

Sare ilitosha kutubakisha kwenye ligi. Ilikuwa bila kwa bila, na muda uliobaki ulikuwa mdogo hata Mama akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Winga wetu alikuwa anaufukuza mpira pembeni, upande wa benchi letu. Ulikuwa umepungua kasi, unabingirika juu ya mstari, haujatoka. Angeufikia. Komeo alikuwa amesimama palepale na vile viatu vya ngozi alivyonunuliwa na mwenyekiti wa klabu ili aonekane kocha. Mpira ulipomkaribia akanyoosha mguu wa kushoto, akautuliza.

Aliutuliza vizuri, Kaka. Ulinata mguuni kama zamani, na nyuma yangu kuna watu walipiga makofi kwa mazoea. Kisha filimbi ikalia. Kocha haruhusiwi kuugusa mpira ulio mchezoni. Hata mimi fundi cherehani nalijua hilo. Wapinzani wakapewa mpira wa adhabu, yeye akapewa kadi nyekundu. Alikuwa bado anatembea kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo walipoupiga, ukaenda juu hadi golini kwetu, mmoja wao akaumalizia kwa kichwa. Goli lenyewe hakuliona. Alisikia kelele tu, na mtu aliyecheza uwanja ule ujana wake wote anajua kelele ipi ni ya nani.

Wapo wanaosema aliuza mechi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana wewe na mimi tunajua mguu ule ulifundishwa wapi. Ni wewe uliyemsimamisha kwenye mlango wa jikoni, ukampigia mpira wa matambara, ukamwambia hapo hapapiti kitu. Jina la Komeo lilianzia hapo. Tangu siku hizo hakuna kilichobingirika katika nyumba hii kikafika mwisho: sabuni, kifuniko cha sufuria, vidonge vyangu vya uzi. Alivizuia vyote kwa mguu huo huku anaongea na mtu mambo mengine kabisa. Mguu huo ulimpa namba ya beki wa kushoto akiwa bado anasoma, ukampa unahodha, ukamjengea Mama bafu. Mazoea yana taabu, Kaka. Hakuna aliyeuambia mguu kwamba mwenyewe amestaafu.

Mimi sikutaka awe kocha. Siku ya mechi ya kumuaga watu walilia, na mtu akishaliliwa vile angekaa kitako akashukuru. Walipompa timu ya vijana nilinyamaza, kwa sababu alikuwa na raha na alianza kunenepa. Kisha timu kubwa ikaanza kuzama, kocha aliyekuwepo akakimbia, wakamjia yeye. "Mcheza kwao hutunzwa," mwenyekiti alimwambia, amekaa kwenye kochi hili hili la Mama na kikombe mkononi. Wifi yangu alimkataza. Lakini nani angemshawishi Komeo aache kitu kipite?

Ametunzwa kweli. Mwenyekiti hakuja tena. Alimtuma mtunza vifaa aje kuchukua koti na filimbi. Mzee yule ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji tangu ujana, na alikaa hapo mlangoni akashindwa kusema alichotumwa. Komeo mwenyewe akaingia chumbani, akamletea koti limekunjwa.

Wifi amemhamishia hapa kwa Mama, kwa sababu nyumba yao inatazamana na uwanja. Hatoki nje. Jana nilimtuma dukani makusudi, apate hewa. Alipokuwa anasubiri kuvuka barabara, pikipiki zinapita, kinyozi akamwambia kwa utani, "Kocha, leo waache wapite." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akarudi bila chumvi.

Nilianza barua hii ili nikuombe jambo moja. Nilitaka umpigie simu, wewe uliyemfundisha, umwambie kwamba mipira mingine huachwa ikatoka nje, na mtu akabaki mtu. Akiambiwa na mimi hasikii. Kwake mimi ni dada wa kushona namba za jezi.

Sasa hivi, nilipofika hapo, kiwiko changu kimegonga kidonge cha uzi mwekundu. Kimeanguka, kikabingirika hadi alipokaa Komeo, kikapita mbele ya mguu wa kushoto polepole kabisa. Amekitazama. Mguu haukutikisika. Kimepita, kimetoka mlangoni hadi uani, na Mama aliyekuwa anachagua mchele ameacha kuchagua, ananitazama mimi.

Kwa hiyo ombi lile nalifuta. Usimwambie aache. Ameshaacha, na ninaogopa kuliko nilivyoogopa uwanjani. Usipige simu, maana hapokei. Njoo, Kaka. Najua ruhusa kazini kwenu ni ngumu, na najua goti lako. Njoo hivyo hivyo, umsimamishe kwenye mlango wa jikoni, umpigie hata soksi.

Mama anakusalimu. Wifi yangu anakusalimu. Amejaribu kuandika mstari mmoja hapa akashindwa. Mume wangu anasema kitanda chako kipo, amekigonga misumari upya, wala hakilii tena ukigeuka. Wasalimie wifi wa huko na watoto, na uwaambie baba mdogo wao anaumwa, basi.

Mdogo wako hajatuma salamu. Uzi bado uko uani, na nimemkataza kila mtu asiuokote.

Mungu akufungulie njia, akufikishe ungali na nguvu za kutushika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutazamia njiani,

Fundi.