Kumi na Tisa Wenye Jina la Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Shemeji hajambo? Na wale wajukuu zako mapacha, bado wanakuficha miwani? Waambie babu yao yupo, na meno anayo yote isipokuwa mawili. Mimi sijambo. Kifua kilinibana mwezi uliopita, sasa kimeachia.

Najua utauliza barua ya nini na simu zipo. Dada, sisi kwenye simu hatuwezani. Wewe huniuliza kama nimekula, mimi husema nimekula, wewe husema haya basi, na salamu zimekwisha. Hili la leo haliingii humo. Tena kuna picha, ziko kwenye bahasha ya ndani. Usiifungue mpaka umalize kusoma, tafadhali, ingawa nakujua vizuri, pengine umeshazimwaga mezani zote.

Studio inafungwa. Mzee mwenyewe alifariki mwanzoni mwa mwaka, na binti yake hataki kusikia habari za picha. Chumba amempangisha muuza simu. Aliniambia nisafishe stoo ya nyuma, makaratasi yote yachomwe kabla ya mwisho wa mwezi. Miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za pasipoti pale mbele, wala sikuwahi kuuliza nyuma kuna nini. Kumbe mzee alikuwa akibakiza nakala moja ya kila picha tangu ujana wake! Kila moja ina bahasha yake, na juu ya bahasha kuna jina la kwanza la mteja na namba ya risiti. Daftari la risiti lilioza zamani, paa lilipovuja. Yamebaki majina tu.

Bahasha ya tatu niliyoshika iliandikwa jina la mama.

Nilipindua ndoo nikakaa. Unakumbuka baba alivyopenda kusimulia kwamba ile picha ya mama iliyokuwa sebuleni alimpeleka mwenyewe kupigwa, kwenye studio hii hii, na mama akaona haya njia nzima. Basi nikaanza kutafuta. Siku sita nilipekua mavumbi, nikipiga chafya kama mgonjwa, na nikapata wajina wa mama kumi na tisa. Ama kweli jina lile lilipendwa enzi hizo. Yupo mnene anayecheka mpaka macho yamefumba. Yupo aliyetanguliza mkono mbele ili saa yake ionekane, nikamwita Mwenye Saa. Yupo muuguzi na sare yake, na bibi harusi asiye na furaha hata kidogo. Kumi na mmoja kati yao wamepakata redio ile ile, nayo ipo bado hapa studio, nimeifungua, ndani tupu, hata waya haina. Yupo pia msichana wa miaka sita hivi, pengo mbele, amekumbatia mwanasesere. Huyo si mama, picha yenyewe ni ya juzijuzi ukilinganisha na nyingine. Lakini nilishindwa kumtia motoni mtu mwenye jina la mama.

Nikawapeleka nyumbani, nikawabandika ukutani, mbele ya kitanda. Asubuhi nikiamka nawaamkia wote, shikamoo, mpaka yule mwenye pengo. Usinicheke. Mama mwenye nyumba alipokuja kuangalia bomba aliwaona, akashika kiuno, akaniambia mke mmoja alinishinda, sasa nimeoa kumi na tisa wa karatasi. Nilicheka naye. Alipoondoka chumba kikawa kimya kuliko kawaida yake.

Siku ya msiba wa baba uliniambia kwamba mama alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nikaazima lenzi kwa fundi saa, nikakagua nyusi zote, jioni tatu mfululizo. Hakuna kovu. Ndipo nikamtafuta yule bibi aliyekuwa msafisha nyuso wa studio zamani, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano, akiziba kasoro za watu kabla picha hazijachapwa. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema hakuna mteja aliyetoka pale na kovu lake. Wengine walirudi kulalamika kwamba si wao, kisha wakazitundika hivyo hivyo.

Kwa hiyo mama anaweza kuwa yeyote kati yao, au asiwemo kabisa. Mimi siwezi kujua, Dada, kwa sababu sura ya mama siikumbuki. Sijawahi kukwambia. Watu wakisema nimefanana naye, mimi huitikia tu kama naelewa. Ninachokumbuka ni kiwiko chake, kina unga.

Na sasa nifike pale ninapopaogopa. Mama Mdogo, aliyeolewa na baba mama alipofariki, hakumchoma mama wa kwenye ile picha ya sebuleni. Ni mimi niliyemharibu.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alisema wageni wanakuja, na picha ilikuwa na doa la moshi shavuni. Wewe ulikuwa shuleni. Nikaitoa kwenye fremu, nikaenda nayo bombani na sabuni ya kufulia na kile kitambaa cha kusugulia masufuria. Nilitaka kumnawisha. Shavu ndilo lililotoka kwanza. Nikadhani ni povu, nikaendelea.

Mama Mdogo alinikuta nimeshika karatasi nyeupe, nalia. Alinifuta pua, akaitia karatasi motoni, akaniambia ninyamaze, yeye atajua la kusema. Uliporudi ukamkuta na fremu tupu mkononi, ukamwambia mbele ya wageni kwamba mama wa kambo ni mama wa kambo tu. Mama Mdogo aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa. Wiki ile ile ukahamia kwa shangazi. Miaka arobaini na nane hukumpa hata salamu. Alipokuwa mgonjwa nilimwambia nataka kukwambia, akanikataza, akasema nitabaki sina ndugu. Alipofariki nilikupigia, nawe ukaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nilikuwa mwoga, Dada. Naona aibu kuandika hivyo nikiwa na mvi.

Sasa fungua bahasha. Nimekutumia wote, ukuta umebaki na alama za gundi. Wewe ndiye unayeijua sura yake. Kama yumo, nirudishie huyo. Kama hayumo, chagua yeyote unirudishie, wala usiniambie. Na kama umekasirika kiasi kwamba hata kalamu huitaki, tia picha kwenye bahasha bila neno lolote, mmoja wa mapacha aandike anwani. Nitaelewa, na nitamwamkia huyo utakayemtuma, kila asubuhi.

Kaburi la Mama Mdogo nimelipalilia. Ukitaka kuja, nitakupeleka.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto wote. Ukipiga simu niulize kama kawaida yako kama nimekula. Safari hii nitakujibu kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere