Aliyeniita Mwizi Sokoni

S.L.P. 213,
Mbulu,
Manyara.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Bonaventura,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, wewe na shemeji na watoto, na kwamba vumbi la mgodini halikisumbui tena kifua chako. Mke wangu Genoveva hajambo, ila amekonda. Mimi naweza kushika kalamu. Taya limefungwa waya, siwezi kuongea, ndiyo maana hukunisikia kwenye simu.

Genoveva ameniambia umekodi gari na kukusanya watu saba wa kuja kumtafuta Lameck. Nakuomba usije nao. Kuna jambo sikukueleza, na hata sasa naona haya kulieleza.

Lameck Akonaay ni mfugaji wa Tumati. Hakusoma sana, lakini ana mkono wa kuchora. Akichinja ng'ombe alikuwa anapasua tumbo, anapiga video, kisha anachora vyumba vyote vinne vya tumbo hilo na kueleza kwa sauti yake jinsi majani yanavyopita, ili wafugaji wenzake wajifunze. Video hizo aliziweka mtandaoni. Mimi nilizichukua. Nilikata jina lake, nikafuta sauti yake nikaweka yangu, nikaziita masomo ya biolojia ya Mwalimu Dionis. Wanafunzi wa mikoa mingi walizitazama, na mkuu wa shule akanisifu mbele ya wazazi.

Aliniandikia mara mbili akitaka jina lake lirudishwe. Nilimjibu kwamba hiyo ni kwa ajili ya elimu, haina shida. Mara ya tatu alipotaja hakimiliki, niliogopa. Nikawahi kumripoti kwa wenye mtandao kwamba yeye ndiye aliyeninakili mimi. Wakaufunga ukurasa wake wote, kazi ya miaka minne.

Alhamisi ile alinikuta sokoni nikinunua vitunguu. Alinishika shati akasema, "Mwizi wewe." Hakupaza sana sauti, lakini kijiwe cha bodaboda kilikuwa hatua chache tu. Kaka, hakuna aliyeuliza nimeiba nini. Tofali la kwanza lilinivunja taya. Nilianguka, wakanikanyaga mbavu, mmoja akanichapa kwa mnyororo wa pikipiki mpaka damu ikanijaa machoni. Nikasikia mtu anaagiza tairi. Kisha petroli ikamwagika kichwani kwangu, ya baridi, ikashuka shingoni.

Lameck ndiye aliyenilalia kunikinga. Alikuwa akipiga kelele, "Ni video tu! Huyu ni mwalimu, ameniibia video!" Wakadhani ni mwenzangu. Mkono wake wa kulia, alioukinga kichwani kwangu, waliuponda kwa jiwe. Kila pigo nililisikia kwenye fuvu langu. Polisi walifika tairi likiwa limeshaletwa.

Tumelazwa wodi moja. Madaktari wamemkata vidole vitatu vya mkono ule, na ndio aliokuwa akichorea.

Siku ya nne nilimwandikia samahani kwenye karatasi, Genoveva akampelekea. Alisoma taratibu, akaikunja. "Rudisha jina langu kwanza," alisema. "Hayo mengine tutaongea ukiweza kuongea." Akageukia ukutani.

Nimewaandikia wenye mtandao kwamba nilidanganya. Jana ukurasa wake ulifunguliwa, na wa kwangu nimeufuta. Polisi walitaka kumshtaki kwa kuchochea watu. Katika maelezo yangu nimeandika kwamba neno alilosema lilikuwa la kweli, na kwamba bila yeye ningechomwa. Nakala nimempelekea mkuu wa shule. Huenda nikafukuzwa kazi.

Kwa hiyo, kaka, huyo unayetaka kuja kumvunja ameshavunjwa, tena akiwa juu yangu. Ukija, njoo na shemeji tu. Mke wa Lameck, Marieta, huja kila mchana na chupa ya uji. Humpa Genoveva nusu, na hiyo ndiyo ninayokunywa kwa mrija. Hajawahi kunisalimia.

Nisalimie Mama, mjomba Sylvester na Belinda wetu. Mungu aizuie mikono yenu na awalinde huko chini mgodini.

Mdogo wako, nikupendaye,
Dionis