Ng'ombe Wana Kibali, Ndaki Hana

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Siri ya nyumba yetu imetoka nje Ijumaa iliyopita, tarehe 8, saa kumi jioni. Nimeitoa mimi. Hakuna mwizi wa kumsingizia.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi mpya wa uzamili aandike aya moja – umetoka wapi, unataka kutafiti nini. Dokta Eufrasia, mratibu wetu, akasisitiza: andikeni kitu chenu, msininakilie mambo ya mtandaoni. Mimi nikatii! Miaka tisa nimeinamia darubini kwenye zahanati hapa Somanda. Diploma nimejilipia kwa kuuza mchele. Leo msomi ananiuliza kwa nini nataka kusoma – nimfiche? Nikaeleza kwa Kiingereza, wazi kabisa: mdogo wangu Bujiku alikufa kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa na miaka kumi na moja. Kichanga mwingine kabla yake. Mimi mwenyewe ni mbebaji. Nataka kujua watoto wangapi wa Simiyu wanazikwa kwa jina la malaria.

Picha yangu juu, maneno chini. Ukurasa wa chuo. Dunia nzima.

Leo nimesoma za wenzangu. Deogratias, mfamasia: dawa ambazo haziui tena vijidudu. Josia wa Binza kule Maswa, ofisa mifugo: maziwa mabichi na ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Mwingine mbu. Wote wana “shauku kubwa”. Hakuna aliyetaja marehemu wa kwao. Mimi tu.

Na Milembe, mdogo wangu, anatolewa mahari Jumamosi hii! Naye ni mbebaji. Nilimpima mwaka juzi, anajua. Sasa wakwe wakiusoma huo ukurasa?

Jumanne, 12 Novemba

Limetokea.

Mjomba Mayige kapata picha ya ule ukurasa, sijui kwa nani, kaitupa kwenye grupu la harusi. “Daktari wetu huyo!!” Pongezi zikamiminika. Hongera Shija. Wabeja ng'wanone, asante mwanangu. Mungu ni mwema. Watu arobaini na kitu, hakuna hata mmoja aliyesoma. Mjomba Kiingereza chake kinaishia good morning. Nilikaa nashukuru – mara ya kwanza maishani nashukuru watu kutojua kusoma kitu.

Lakini grupu lina watu wa pande mbili. Upande wa Ndaki, mchumba wa Milembe, yumo shangazi yake, Mwalimu Jenifer. Anafundisha nini? Kiingereza!

Saa saba mchana akaandika: Shija, hayo ya marehemu ni ya nyumba yenu au ni mfano tu?

Basi.  

Nikaitia simu mfukoni. Nimepima sampuli za wajawazito mchana kutwa, nikarudia slaidi mbili. Sijawahi kurudia slaidi.

Jumatano, 13 Novemba

Mama kaja kutoka kijijini na gari la asubuhi. Hakunipa hata nafasi ya kumsalimia.

– Umetuvua nguo barabarani, Shija.

Nikamwambia ni chuo kilichoomba. Akauliza, wenzako waliandika nini? Nikamwambia, mmoja dawa, mmoja mbu, mmoja maziwa.

– Maziwa! Na sisi si tuna maziwa? Ungeandika maziwa!

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kisha akakaa kwenye ndoo akavua kandambili, akasema taratibu kwamba ugonjwa wa Bujiku tulikubaliana ni mifupa tu. Wazee walikaa, wakasema mifupa, wakachinja, yakaisha. Nikamwambia hayakuisha, mama. Yeye alidhani kwamba akishazaa mgonjwa mmoja, zamu imepita. Hakuna zamu! Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ni moja kwa nne, na inayofuata inaanza upya, haikumbuki iliyopita. Ndiyo maana tulizika wawili.

Akasema, hesabu zako hazijawahi kumlaza mtoto usingizi.

Kweli. Nilikuwa nampashia Bujiku khanga kwenye jiko la mkaa, namfunga miguuni. Alikuwa akisema bana zaidi, dada, bana zaidi. Sikuyaandika hayo chuoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwalimu Jenifer kapiga. Sauti tamu kama ya mgeni rasmi. Mwangaluka mayu, umeamkaje mama, habari za kazi, hongera ya chuo. Nikasubiri rungu. Nilijua anavunja – ng'ombe hawaji, samahani sana, tutafutane kwa mengine.

Havunji!

Anasema wao hawana neno na Milembe. Ng'ombe watapakiwa kwenye fuso kesho jioni, Jumamosi saa nne wako kwetu. Ila nifute yale maneno. Niandike nilikuwa nazungumzia watu wengine. Na niseme kwenye grupu kwamba nilikosea Kiingereza.

– Wewe ni mwanamke msomi, unajua kufuta.

Nikamuuliza: Ndaki amepima? Akacheka. Mayu, kwetu huo ugonjwa haupo. Nikauliza tena. Akasema mtandao unakata.

Nimekaa na hilo jambo. Nimeligeuza. Watu wasio na ugonjwa wangetukimbia. Wangeuliza maswali mia. Hawa waliuliza moja tu kwenye grupu, jibu hawakulingoja – wanataka nifute tu. Anayetaka kufunika cha kwako, ana chake anachofunika.

Nimeogopa. Kuliko Jumanne.

Jioni nikampigia Josia, huyu wa maziwa, kwao na kwa kina Ndaki ni mtaa mmoja. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwa zile aya tu. Kwanza akanitania – we dada ndiye uliyeliza darasa zima, mimi nimeandika ng'ombe wewe umeandika msiba! Nikamuuliza habari ya ile nyumba. Akaacha utani. Halafu akasema yeye si daktari wa watu. Ila kulikuwa na kaka yake Ndaki, mdogo wa mwili kuliko umri wake, macho ya njano, alikuwa haendi shule vipindi vya baridi. Alizikwa Josia akiwa sekondari. Walisema malaria.

– Ng'ombe wanaokuja kwenu lakini wako safi, dada. Nimewakagua mwenyewe. Kibali nimesaini jana.

Ng'ombe! Meno wamekaguliwa, kwato wamekaguliwa, wana muhuri wa serikali. Bwana harusi hajatoa hata tone moja la damu.

Ijumaa, 15 Novemba

Milembe nimemweleza asubuhi dukani kwake, kati ya majora ya vitenge. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja. Hakulia. Akasema alishamuuliza Ndaki mara mbili, na mara zote mbili alimjibu kwa kumbusu. Kisha:

– Dada, nampenda. Kama naye ni mbebaji, nitaamua mwenyewe. Lakini siwezi kuamua gizani.

Kwa hiyo ndicho anachotaka. Si harusi ivunjike. Ajue.

Mama hataki hata hilo. Anasema nikiwagusa wale watu leo, ng'ombe wakirudi, nisimwite mama.

Dokta Eufrasia kanijibu: ukurasa unafungwa leo saa kumi, marekebisho yoyote kabla ya hapo. Na mada iliyopo hapo ndiyo watakayonipangia msimamizi. Nikifuta selimundu, naanza masomo na kitu kingine. Mbu, labda. Maziwa! Miaka tisa nimengoja kuuliza swali moja.

Sasa ni saa sita na nusu. Nimepiga hesabu. Nina kitu kimoja tu wanachokitaka, kufuta, na kinaisha saa kumi.

Nimemwandikia Ndaki mwenyewe, si shangazi. Nanakili hapa, wasije kusema nilisema mengine:

“Shemeji Ndaki. Najua habari za marehemu kaka yako. Zaidi ya Milembe, simwambii mtu. Panda gari sasa hivi, njoo zahanati, nikutoe damu mwenyewe. Jibu ni lako na la Milembe, si la shangazi, si la mama yangu, si la grupu. Ukifika, nafuta yote mbele ya macho yako, jina la mdogo wangu pamoja na mada yangu. Usipofika, yanabaki yote, na Milembe kesho atakuuliza mbele ya wazee. Sitaki 'tutaongea'. Sitaki shangazi anipigie. Unakuja au huji? Nijibu wewe mwenyewe kabla ya saa kumi.”