Ramani ya Risasi za Mtaa Wetu

Jumapili, jioni. Upepo umetupulizia vumbi tangu asubuhi, macho yananiwasha, na bado natabasamu peke yangu kama mwehu.

Leo tumeshinda.

Niseme ukweli kwanza. Mama Rehema, jirani yangu hapa Nkuhungu anayeuza nyanya soko la Majengo, alipopigwa risasi ya mkono na waporaji, nami niliweka sahihi kwenye barua ya kutaka kijiwe cha bodaboda kiondolewe mtaani. Kila mtu alisema majambazi wanatoka pale. Sikuuliza ushahidi. Mimi, niliyesomea takwimu chuo kikuu.

Aibu ndiyo iliyonikalisha kwenye kompyuta. Nilikusanya taarifa za uporaji wa bunduki ambazo polisi wamezitoa hadharani, nikaongeza habari za magazetini, nikaliweka kila tukio la mtaani kwetu mahali pake kwenye ramani, pamoja na saa lilipotokea. Nilitegemea vitone vyekundu vijazane kijiweni.

Hapakuwa na hata kimoja.

Karibu vyote viliangukia kichochoro cha korongoni, njia ya mkato ya kwenda barabarani, tena alfajiri, kikiwemo kile cha Mama Rehema. Kule hakuna taa, hakuna duka, hakuna mtu. Na bodaboda hawapaki kule.

Leo mchana nikaipeleka ramani hiyo kwenye mkutano wa mtaa. Mzee mmoja akasema ramani haikamati mwizi, watu wakacheka. Nikajibu kwamba ni kweli haikamati, ila inaonyesha wanapotusubiri. Minong'ono ikazidi. Nikajua nimeshindwa.

Ndipo Mama Rehema akasimama, mkono bado una bandeji.

"Shikamooni wazee. Niliyepigwa risasi ni mimi. Mlikuja kunipa pole, nashukuru, ila hakuna aliyeniuliza nani alinifikisha hospitali. Ni Chilongani, huyu kiongozi wa kijiwe. Alisikia mlio akaja na pikipiki yake. Nyie mlikuwa mmefunga milango."

Na mimi nilikuwa nimefunga wangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwenyekiti wa mtaa aliichana ile barua mbele yetu. Chilongani akasema wenzake wako tayari kuanza kupaki kwenye mdomo wa kichochoro kuanzia alfajiri. Mtaa ukakubali kuchangia taa ya sola, na yule mzee aliyenicheka ndiye aliyejitolea nguzo.

Mkutano ulipoisha nilimfuata Chilongani, nikamwambia kuwa jina langu lilikuwemo kwenye barua.

"Najua, dada," akasema. "Hiyo ramani nirushie kwenye simu. Nataka mke wangu aone kijiwe chetu hakina kitone."

Nimemtumia kabla sijafika nyumbani.

Mama Rehema hajakanyaga sokoni tangu apigwe risasi. Kesho anarudi, na tutapita njia ileile ya korongoni. Ameniambia niwe mlangoni kwake saa kumi na moja kamili alfajiri, na nikichelewa ataniacha.